Kilindi cha Mama Samaki

Aprili 3
Nimeacha mchanga. Mgongo umekataa. Miaka minne nimebeba mchanga kwenye mashua za Idris, na jana nikamwambia basi. Hakukasirika. Aliniagizia chai na biskuti, akasema nikichoka kukaa bure nirudi.

Sikwenda mbali, nimevuka mto tu. Upande huu wa Halda nimepata kazi kwa Sukomol Barua, mwenye mashua moja, mashimo manne ya udongo na mke anayeitwa Nilima. Nilipomweleza mke wangu kwa simu kazi yenyewe, alicheka mpaka akampa mama yangu simu aisikie na yeye. Kazi ni kungoja samaki wazae. Hatuwavui, kuvua katika Halda ni marufuku mwaka mzima. Wanapanda kutoka mito mingine, rui na katla na mrigel, wengine wakubwa kama mbuzi. Wakitaga, sisi tunakinga mayai, tunayaangua shimoni, na vifaranga vinakwenda kwenye mabwawa ya watu, hadi kwetu Kurigram, kaskazini kabisa. Fungu langu ni la mayai, si la siku. Wasipotaga nitakuwa nimekula wali wa watu bure.

Aprili 5
Tumesafisha mashimo. Kila shimo ni pana kama kitanda cha watu wawili, kina chake magotini. Unakandika tope laini kwa viganja, hakitakiwi kibaki hata kijiwe, maana yai ni ngozi tupu na maji ndani.

Mwenzetu wa tatu ni Gofran, mtu wa hapa hapa, mdomo mrefu, mikono mifupi. Ananiita Bwana Kaskazini na kuniiga ninavyosema. Yeye na wenzake humeza nusu ya kila neno. Mwanzoni nilidhani wote wanaumwa jino.

Jioni Nilima, ambaye sote tunamwita shemeji, alileta ng'onda, samaki mkavu wa chumvi, wa kusagwa na pilipili. Harufu ilinitoa nje. Nilikula wali na chumvi, Gofran akala fungu langu huku akinipa pole.

Aprili 8
Leo nimejua kwa nini Sukomol hacheki. Miaka miwili mfululizo mama samaki hawakutaga mayai ya maana. Na Idris anautaka ukingo wake awe anapakia mchanga. Chini ya ukingo ule mto unapinda, na kwenye pindo pana kilindi wanamojificha mama samaki kabla ya kutaga. Mashua za mchanga zikianza kutia nanga pale, injini zikinguruma juu yao kutwa, hawatakaa.

Sukomol amesema mbele yetu sote kwamba mwezi mpevu wa Juni ukipita bila mayai atampa Idris ukingo na kufukia mashimo. Nilima aliendelea kuchagua mchele.

Mimi naona Idris ana haki. Mchanga uko pale kila siku. Hawa samaki si ng'ombe wa kufungwa kamba.

Aprili 12
Mwezi mpevu, bamvua la kwanza la msimu. Mto umejaa mashua kutoka pindo hadi pindo, kila moja imefungwa kwenye mwanzi wake, nyavu za chandarua zimekunjwa tayari. Nimefundishwa kwamba mama samaki hutaka mambo matatu yakutane: bamvua, radi, na maji ya mafuriko kutoka milimani. Likikosekana moja hawatagi. Bamvua tunalo. Mbingu nyeupe kama sahani.

Aprili 13
Hakuna.

Aprili 14
Hakuna. Mwaka mpya wa kalenda yetu leo. Shemeji amechanganya mboga za kila aina chungu kimoja, tumekula mashuani. Gofran amelala kutwa, sikio limebanwa kwenye mwanzi wa nanga kama mtoto kwenye mgongo wa mama yake. Nilimwambia Sukomol kwamba huyu tunamlisha kwa kulala. Akasema nimwache.

Aprili 27
Bamvua la mwezi mwandamo. Mawingu yalikuja, tukasimama wote. Kabla ya adhuhuri Gofran aliruka, akasema wanabiringika, wanabiringika. Kumbe hakuwa analala. Wanaosikiliza samaki kwa mwanzi hapa ni wachache na yeye anajihesabu ni bingwa wao. Mashua zote za jirani zikatusogelea, nyavu majini, watu wanakanyagana. Maji yakafunguka, akatoka pomboo mmoja mzee wa mtoni, akapumua, akazama.

Mto mzima ulicheka. Mzee mmoja wa mashua ya pili alimuuliza Gofran kama ameshamwandalia pomboo jina la mtoto.

Aprili 30
Mvua ya kupita. Haikulowesha hata shati.

Mei 12
Nimesisimka mpaka kalamu haikai.

Leo ni sikukuu ya Buddha, mwezi mpevu. Shemeji alikwenda hekaluni asubuhi. Siku za mwezi mpevu huwa hali kitu baada ya adhuhuri, maji tu, na hataki mtu amhurumie. Alasiri radi ikaanza upande wa milimani, upepo ukageuka, na Sukomol akatoa wavu wa kwanza. Ndani yake mlikuwa na mayai.

Hayakuwa mengi, hayakujaza hata kata. Lakini niliyashika. Yalikuwa kama shanga za kioo, laini, na katikati ya kila moja kuna kitone. Sukomol alisema hayo ni mayai ya kuonja: mama samaki hutoa kidogo kwanza wapime maji. Yakiwaridhisha wanamwaga yote. Tulikaa kwenye mvua, hakuna aliyefungua mwavuli. Nilijikuta nawaomba samaki kwa sauti, mimi niliyewacheka.

Maji hayakuwaridhisha. Mafuriko hayakushuka.

Alikuja binti wa chuo kikuu, Sharmin, kwa mashua ya makasia. Anawahesabu mama samaki mwaka hadi mwaka kwa mayai yanayopatikana na kwa maiti zinazookotwa. Alitueleza kwamba wanaopanda sasa ni wachache, na mama mmoja mzee mkubwa ana mayai kuliko wadogo wengi wakijumlishwa, kwa hiyo akifa mmoja wa namna hiyo ni kama kufa ukoo. Asipopata nafasi ya kutaga, msimu ukiisha mwili wake huyameza mayai yote ndani kwa ndani. Nilima akauliza kama humuuma. Sharmin alifikiri, akasema hajui, hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo.

Akatuonya pia kwamba mvua zimekuwa haba, na maji ya chumvi yanapanda na bamvua juu kuliko kawaida. Sukomol alisema pindo letu liko mbali na bahari.

Mei 13
Hakuna.

Mei 20
Maji mafu. Joto. Nimekula ng'onda. Nilikuwa na njaa, nikajaribu kipande, kisha nikaomba kingine. Gofran amelitangaza kila kibanda cha chai.

Mei 26
Nimemwona mama mmoja, na nisingependa kumwona hivyo.

Asubuhi nilishuka kunawa nikadhani gogo limekwama kwenye majani. Alikuwa katla. Tulimtoa mimi na Gofran, kila mmoja amekumbatia upande wake. Mgongo ulikuwa umekatwa na pangaboi, mikato iliyofuatana. Mashua za mchanga hazitakiwi kupita hapa na injini, lakini hupita.

Niseme kweli, nilimwona mchuzi. Miezi miwili sijala samaki mbichi, na huyu alikuwa bado na macho mazuri. Nikauliza kisu kiko wapi. Gofran alinitazama tu, akaenda kumwita shemeji.

Shemeji alimpasua tumbo, tukaona mayai, mifuko miwili imejaa kuanzia kifuani hadi mkiani. Sukomol alikaa chini kwenye tope na suruali yake safi. Tulimfukia nyuma ya migomba. Gofran ndiye aliyechimba, peke yake, na hakutaka nimsaidie.

Usiku nilimfikiria Idris na ule ukingo. Sioni tena kama nilivyoona Aprili.

Mei 28
Bamvua la mwezi mwandamo limepita. Hata ya kuonja hayakuja.

Juni 9
Sukomol hali vizuri. Idris alivuka leo na mtu wa kupima, wakatembea juu ya ukingo na kamba. Alinisalimu kama ndugu, akaniulizia mgongo. Sukomol aliwapa viti. Zimebaki siku chache kwa mwezi mpevu.

Juni 11
Mwezi mpevu, bamvua kubwa kuliko yote niliyoyaona hapa. Maji yalipanda yakalamba mizizi ya migomba. Sukomol hujaza mashimo siku hiyo hiyo maji yakiwa juu, halafu huyaacha yatulie, hivyo ndivyo baba yake alivyofanya. Wengine hujaza siku ya mayai. Yeye huwaita wavivu.

Tulijaza mashimo yote manne, tukaenda kula wali na ng'onda wa pilipili, safari hii mimi nikiongoza. Tuliporudi Sukomol akachota maji ya shimoni kwa kiganja, akaonja, akasema matamu. Gofran akaonja, matamu. Mimi nikaonja, matamu kabisa.

Shemeji hakuwa amekula, ilikuwa siku yake ya kufunga. Akaja akaonja na yeye. Akasema yana chumvi.

Sukomol akamwambia akalale, njaa imempanda kichwani. Gofran akasema labda shemeji ameonja kidole chake mwenyewe. Tulicheka sana. Yeye alionja tena, akatutazama mmoja mmoja, akaingia ndani.

Juni 13
Radi toka alfajiri, mbali, juu ya milima. Kama magari ya mizigo yanapita darajani. Hakuna aliyelala mchana. Maji yameanza kubadilika rangi.

Juni 14
Nitaandika yote, hata mkono ukifa ganzi.

Asubuhi mto uliamka mwekundu. Mafuriko yameshuka, maji baridi, magogo, povu, majani ya milimani. Mvua ilikuwa imetulia lakini mbingu imekaa chini kabisa, karibu na vichwa. Mashua zote zimo mtoni. Gofran ameweka sikio kwenye mwanzi. Kabla ya saa nne akainua kichwa, akanong'ona kwamba wanabiringika.

Mashua ya pili wakaguna. Mtu akasema pomboo amekuja kuchukua mahari.

Mimi niliweka sikio langu chini ya la Gofran. Nilisikia. Ilikuwa kama zizi la ng'ombe usiku, miili mikubwa inasuguana, inagonga, inahema. Nikamwambia Sukomol kwamba ni kweli. Aliutupa wavu kabla sijamaliza.

Halafu maji yakachemka. Sijui neno jingine. Migongo ilitoka, myeusi na ya fedha, mikia ikapiga, samaki wa urefu wa mtu wanageuka tumbo juu hatua chache kutoka kwetu. Watu waliokuwa wakitucheka walikuwa wanalia na kucheka pamoja. Tulipoinua wavu, mayai yalikuwa mazito kama uji, tukayamimina katika tumbo la mashua, tukashusha tena, tukainua tena. Mikono yetu ilikuwa inang'aa. Sukomol aliimba. Ana sauti mbaya sana, na sijawahi kusikia kitu kizuri hivyo. Gofran aliwaita majirani kwa majina yao, mmoja baada ya mwingine, akawauliza kama wameshaona pomboo wa namna hii. Miezi miwili na nusu ya uchovu ilinitoka mwilini. Nilihisi mgongo wangu ni wa kijana.

Adhuhuri mashua ilikuwa imejaa. Tukapiga makasia hadi ukingoni, tukayabeba kwa mabeseni, tukayamimina mashimoni, yote manne. Kisha unayakoroga polepole kwa kitambaa yasishikamane. Nilikuwa nakoroga na kupanga jinsi nitakavyomwambia mke wangu.

Alasiri shemeji akatuita kwenye shimo la pili. Hakupaza sauti. Mayai ya pembeni yalikuwa yanageuka meupe, kama jicho lenye mtoto wa jicho. Tukakimbilia la tatu, hivyo hivyo. Sukomol akachota maji, akaonja. Hatukuwa tumekula kitu tangu jana usiku. Alitema.

Yalikuwa chumvi. Yalikuwa chumvi tangu siku ile, na ndimi zetu zilikuwa zimejaa ng'onda.

Shemeji ndiye aliyechukua ndoo ya kwanza.

Tulianza kubeba maji ya mto kwa ndoo. Ukingo ni mrefu na wenye utelezi. Unamwaga ndoo moja shimoni na huoni tofauti. Majirani wawili walisaidia kidogo, lakini na wao wana mashimo yao ya kukoroga. Ndipo nilipokumbuka pampu ya Idris, ile kubwa ya kusukuma mchanga, ninayoijua kama kiatu changu. Nikachukua mtumbwi, nikavuka.

Idris alinisikiliza mpaka mwisho. Hakusita. Akapakia pampu na mipira kwenye mashua yake, akaja mwenyewe. Lakini hakushusha pampu. Alisimama ukingoni mwa maji, mpira mkononi, akamwambia Sukomol kwamba pampu hii itayabadilisha maji ya mashimo yote manne kabla ya magharibi. Anachotaka ni neno moja juu ya ukingo, mbele ya hawa watu.

Sukomol alitazama mashimo. Midomo yake ilishaanza kufunguka, na mimi, kwa fungu langu, nilikuwa naomba afungue haraka. Nilima akaja na miguu yake ya tope akasimama kati yao.

"Baba Shubho," akamwambia mumewe, "waliotaga leo bado wako hapo chini. Wamechoka, hata kuondoka hawajaondoka. Utawawekea injini juu ya vichwa leo hii hii?"

"Na haya?" Sukomol akauliza. "Haya yafe?"

"Mto umekuwa mtamu sasa. Tubaki na shimo moja, tunaloliweza kwa ndoo. Mengine tuyarudishe yalikotoka, yangali hai."

"Mengine ndiyo mwaka mzima, Mama Shubho."

"Najua ni nini. Mimi ndiye ninayepika."

Akainama, akajaza beseni la kwanza, akashuka nalo. Alilizamisha upande mmoja na kuuacha mkondo uyachukue polepole, kama mtu anayemwogesha mtoto. Akarudi kujaza la pili.

Sukomol alisimama. Nilimwona anatazama mpira mkononi mwa Idris, kisha mgongo wa mkewe unaoshuka. Halafu akachukua beseni.

Ikabidi nami nichukue. Kila beseni nililolimwaga nililimwaga kwa hasira. Ilikuwa mishahara yangu, safari yangu, dawa za mama yangu, inaelea na kwenda zake. Beseni la kumi hivi hasira ikachoka. Yalikuwa yanang'aa kwenye maji mekundu na yanakwenda kasi, mamilioni, na nikaanza kuyaambia yaende. Gofran alikuwa anayaambia pia, kwa matusi ya mapenzi, kila mmoja ajikaze, asitie aibu.

Idris alitazama mpaka shimo la mwisho lilipobaki tope. Akasema sisi wote tumerukwa na akili. Kisha akamwambia mtu wake asiwashe injini, wakaondoka kwa pondo.

Juni 15
Tumebeba ndoo usiku kucha kwa zamu. Asubuhi katika shimo lililobaki yai moja lilitingishika, likapasuka. Kikatoka kitu kama uzi wenye macho mawili. Kisha kingine. Sukomol akamwita mkewe, akamwonyesha, akamwomba radhi mbele yetu kwa ile njaa ya kichwani. Shemeji alisema amesamehe, ila kuanzia sasa yeye ndiye atakayeonja, na sisi tutafunga.

Juni 16
Vifaranga vinaogelea. Nimekaa pembeni ya shimo kutwa kama mjinga.

Juni 18
Fungu langu limekuwa dogo, lakini lipo. Sukomol alitaka kuniongezea kutoka lake, nikakataa, tukabishana, Gofran akasema basi apewe yeye.

Idris alikuja kuuliza juu ya ukingo, kwa adabu. Sukomol alimpa kiti na chai. Akamwambia mayai yamekuja, ameyaona kwa macho yake, na ukingo hautolewi tena. Idris alisema mwakani kutakuwa na mwezi mpevu mwingine wa Juni. Idris alipoondoka, Sukomol akachukua panga, akaenda kwenye shamba lake la mianzi, akaanza na ile minene aliyokuwa anaitunza kwa ajili ya paa.

Tunaipigilia ndani ya kilindi, mstari baada ya mstari, na kati yake tunasokomeza matawi, ili mashua yoyote isiweze kutia nanga pale. Nilimuuliza, hata yetu?

"Hata yetu," akasema. "Sisi tutaifunga kule chini. Mama samaki watatuletea mayai."

Mimi ndiye mwenye nyundo, maana mgongo wangu umezoea kazi ya mto huu. Mke wangu amepiga simu akauliza narudi lini, msimu si umekwisha. Nimemwambia mianzi bado mingi, na maji yameanza kupungua, inafaa tupigilie sasa.